Îlot Isiyokwisha

Îlot ilikuwa imekwisha, tena imekwisha vizuri, lakini Adalbert alichukua bisibisi akaanza kuifungua.

Ilikuwa meza kubwa ya mbao za mulombwa, imesimama peke yake katikati ya jikoni, droo upande huu, rafu za masufuria upande ule. Aliijenga kwa mikono yake, kwa kutazama video kwenye simu. Majirani wa pale mtaa wa Golf, Lubumbashi, walikuja kuiona, wakamsifu. Aliwashukuru, akawasindikiza mpaka getini, akarudi kuzing'oa droo zote. Safari hii eti zilikuwa chini mno.

Mkewe Abigaël alirudi kutoka shule anakofundisha, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama hajakula tangu asubui," alisema. "Iko na ugonjwa ya sukari, Adalbert. Unajua."

"Chakula iko mu frigo. Nani anamukataza kuingia?"

Msikie huyo! Alijua vizuri nani anamkataza. Kwa Waluba wa Kasai, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso. Wakikutana, mama anajifunika kichwa na kugeukia ukuta, na chumba alimo mkwe yeye hakanyagi. Kapinga, mama yake Abigaël, alishika desturi hiyo tangu siku ya ndoa. Mvua ilipoangusha nyumba yake ya Katuba, binti alimpa chumba cha uani, na kila siku mama alingoja mkwe aende kazini ndipo aingie kupika.

Adalbert alimchukia kwa moyo wote, kwa sababu zamani mama huyo alitaka binti yake aolewe na Vital, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori. Kumfukuza kwa mdomo hakuthubutu, ndugu wangemla mzima. Basi akachukua likizo yake yote, akanunua mbao, akahamia jikoni. Hata mbabula, lile jiko la makaa la uani, aliliingiza ndani akalifukia chini ya mabaki ya mbao. Hakumgusa mtu, hakumtukana mtu. Alikuwa fundi tu, anamboreshea mke wake jikoni.

"Toa ile zawadi ya kuondoa haya," Abigaël alisema. "Mama akuone, aingie, biishe. Benzako bote balitoa."

"Mi sitoe kitu. Arudie Katuba yake."

"Kwenye nyumba yenye kuanguka?"

"Îlot haiyaisha," alisema Adalbert, akaendelea kupiga msasa.

Abigaël alimtazama kwa macho makavu. Kisha akasonga bukari, ugali wa kwao, palepale, kwenye vumbi la mbao, akampelekea mama yake. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena habari za îlot, na Adalbert akafurahi kwamba mwanamke ameshika adabu.

Kazi ikaendelea. Aliitia magurudumu, akayaona ya kitoto, akayatoa. Aliongeza urefu, akapunguza. Kila asubuhi alisikia mlango wa uani ukifunguka kidogo, mama akisikiliza kama msumeno uko, kisha mlango ukifungwa. Alikuwa anafurahia sauti hiyo, tusifichane, kuliko mbao zenyewe.

Kaka yake mkubwa, Dan, alipita getini.

"Siku ya posho ufike kwangu," alisema, yaani Jumamosi. "Bazee batakuwa pale. Ni mambo ya famille."

"Posho niko na kazi ya kupaka mbao vernis."

"Adalbert, uje."

"Muanze, mutanielezea."

Dan alitikisa kichwa akaenda. Adalbert alidhani ni vile vikao vyao vya kila mara, soda na maneno, akamsahau kabla gari halijakunja kona.

Siku ya pili yake alikuta valizi mbili kubwa za nguo kwenye korido. Abigaël alikuwa amepiga magoti, anakunja vitenge.

"Mama anaenda?" Adalbert aliuliza.

"Anaenda."

"Muzuri."

Alipiga mluzi siku nzima. Alimnunulia hata mkewe mkate na siagi, akauacha juu ya îlot, na mkate ule ukakauka palepale bila mtu kuugusa.

Siku ya posho nyumba ilikuwa kimya. Alikuwa anapaka vernis ya mwisho, ya mwisho kweli sasa, mlango wa uani ulipofunguka mpaka mwisho, akaingia mwanamke mrefu, kichwa wazi, mwenye pua ya Abigaël.

Adalbert aligeukia ukuta upesi, brashi ikamdondokea mguuni. Alijifunika uso kwa mkono wenye vernis, yeye aliyekuwa anajisifu kwamba haogopi mambo ya kizee. Halafu furaha ikampanda. Njaa imemshinda! Mama mkwe ameingia mwenyewe, kwa miguu yake, amevunja mwiko. Leo Lubumbashi nzima itajua nani hana haya, na hatakuwa na uso wa kukaa hapa tena.

Alimsikia akizunguka îlot bila haraka, akitoa sufuria yake kwenye rafu, akipitisha kidole juu ya mbao.

"Umeijenga muzuri," Kapinga alisema. "Geuka, papa. Niangalie."

Adalbert hakugeuka.

"Mama, ni mwiko," alisema kwa sauti ndogo.

"Geuka tu."

Aligeuka. Kapinga alikuwa amemnyooshea mkono juu ya îlot, kama mtu anayesalimia mgeni.

"Bonjour, monsieur," alisema. "Shika, haina tena mwiko. Asubui tulirudisha mahari yenu, kaka yako Dan alishaipokea mbele ya bazee, na Abigaël ananingojea mu taksi."