Usikate Simu

"Kuna bomu ghorofa ya tatu," ilisema sauti kwenye simu ya mezani. "Una nusu saa, mzee wangu. Watoe watu."

Mkuu wa walinzi aliinua macho darini. Ghorofa ya tatu ya kiwanda kile cha nguo ndiko alikokaa mwanawe wa pekee, akishona kola, mjamzito aliyebakiza siku za kuhesabu.

Usikate simu, alijiambia. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wenzake. Mwongeleshe. Muulize kwa upole. Sikiliza kilicho nyuma ya sauti yake. Alimpungia mkono msaidizi wake, mama mmoja wa maneno mengi, akafumba ngumi kisha akaifumbua ghafla. Ilikuwa ishara yao ya bomu. Msaidizi alizimeza karanga zake bila kuzitafuna.

"Redio za upepo zizimwe zote," alimnong'oneza, kiganja kimeziba simu. "Na simu za mkononi, mawimbi yake yasije yakalilipua. Asiwashe mtu chochote mpaka niseme mwenyewe."

King'ora kikalia.

Kiwandani mkuu huyo walimwita Kengele, kwa sababu kila mwezi aliwatoa watu nje kwa mazoezi, liwake jua, inyeshe mvua. Juu ya meza yake alikuwa amebandika maneno: Tahadhari kabla ya hatari. Walimtania kwamba hata nyumbani mkewe haendi jikoni mpaka apange foleni. Leo alijishukuru kwa ubishi wake. Watu wale ungewafunga vitambaa machoni, wangefika wenyewe chini ya tangi la maji, kule nyuma ya maghala, wakajipanga. Asubuhi hiyo hata benchi la mbao lilikuwa limeletwa huko, zawadi ya msamaria mmoja kwa wanaochoka kusimama. Kengele alisaidia kulibeba mpaka kiuno kikamlaumu. Fundi aliyelitengeneza hakuwa bahili wa mbao.

"Wewe ni nani, mwanangu?" aliuliza kwenye simu.

"Niliwahi kufanya kazi hapo. Mkanifukuza kama mbwa."

"Nani alikufukuza? Hebu tuzungumze. Hilo bomu linafananaje?"

"Usijali, mzee. We watoe watu tu."

Sauti haikuwa na hasira wala haraka. Nyuma yake kijiko kilikuwa kikigonga kikombe, taratibu, kama mtu anayekoroga chai kibarazani kwake. Kengele alishindwa kuelewa moyo wa aina gani hunywa chai saa kama hiyo.

Watu walimiminika ngazini, wengine pini zikiwa bado midomoni, wakicheka na kunung'unika. "Kengele kaamka vibaya leo!" Alikuwa akitafuta uso mmoja tu, na uso huo haukuwepo.

Msaidizi alirudi akihema. "Bintiyo kagoma. Anasema miguu imevimba, mazoezi yako atayafanya akishajifungua."

Ni yeye mwenyewe aliyewazoesha kwamba king'ora ni mchezo.

"Mwambie leo si mazoezi. Mwambie baba yake anampigia magoti."

Na kweli akapiga magoti nyuma ya meza, waya wa simu umevutika hadi mwisho.

"Mwanangu," alimwambia yule wa kwenye simu, na sauti ilimtetemeka asione aibu, "kama una mama, kama una dada, niongezee muda. Binti yangu yuko juu, ana mimba. Sina mwingine."

Kijiko kikanyamaza.

"Chukua muda wako, mzee wangu. Nitasubiri mpaka watoke wote."

Kengele alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. "Mungu akubariki," alisema, na alimaanisha.

Hatimaye binti alitokea, mkono mmoja kwenye reli ya ngazi, mwingine kiunoni, msaidizi akimfuata nyuma kama anayelinda mayai. Alipomwona baba yake sakafuni, uso ulimbadilika.

"Baba, kumbe ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Nenda kwa wenzako."

"Nitasimamaje na miguu hii?"

"Benchi lipo. Kalia wewe kwanza, wengine watasubiri."

"Na wewe?"

"Nakuja. Siwezi kukata simu."

Binti aliinama kwa shida, akamfuta baba yake shavu kwa upindo wa kanga, akatoka. Msaidizi alimshika mkono. "Nitamkalisha mwenyewe, mkuu, usiwe na wasiwasi."

Kengele aliwatazama mpaka wakapinda kona ya maghala. Kiwanda kikawa kimya, cherehani zote zimelala, mapangaboi tu yakizunguka juu ya viti vitupu. Alingoja kidogo, awape nafasi ya kufika. Kisha akapumua pumzi ndefu. Bomu na lilipuke sasa, likitaka. Mle ndani alibaki yeye peke yake, na yeye alishaishi vya kutosha.

"Wameshatoka," alisema. "Wote."

"Wako chini ya tangi?"

"Chini ya tangi."

"Kama kila mwezi?"

"Kama kila mwezi. Ahsante, mwanangu. Sasa nieleze, umeliweka wapi?"

Kijiko kilianza tena kukoroga.

"Eti, mzee wangu, lile benchi nililowaletea limeshapata wa kulikalia?"

Kengele aliichomoa redio kiunoni, akaita, akaita tena kwa sauti yake yote. Ndipo akakumbuka kwamba alishaamuru zizimwe.