Wasioitika Hujambo

"Serikali haisemi kama muuza mahamri," Bwana Seth alisema, akamrushia Zakiya karatasi yake.

Ofisi yao ya vyeti vya kuzaliwa, hapo kisiwani Mombasa, ilikuwa imeletewa kompyuta ya kujibu simu. Mwaka wa tisini na saba hilo lilikuwa jambo la kutangaziana. Mtu anapiga, mashine inamweleza aje na nini, kisha inanasa lolote atakalosema. Maneno ya kwanza aliyaandika Bwana Seth mwenyewe, mkuu wa ofisi: "Mwombaji awasilishe viambatanisho husika kwa mujibu wa kanuni." Watu wakaja na picha za harusi. Ndipo Zakiya, karani mgeni, akaambiwa ayaandike upya na kuyasoma kwa sauti yake. Akaandika: "Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto, na kitambulisho cha mama. Basi." Hiyo "basi" ndiyo iliyomchoma Bwana Seth.

Tena kulikuwa na ile hujambo. Mashine ya Bwana Seth ilikuwa ikimvaa mtu kwa maneno bila salamu, na watu wa Mombasa wakiikatia simu kwa matusi: umefunzwa wapi adabu, wewe? Zakiya akatia "Hujambo." Wakaitika, wakauliza hali ya nyumbani, na mashine ikawa inasema huku nao wanasema. Basi akaacha kituo baada ya salamu, mtu aitike, apumue. Bwana Seth akasema huo ni wazimu mtupu. Akampa mwezi mmoja: watu wasipomwelewa, arudi kwao.

Kwao wapi? Alipoolewa na Kombe, Mgiriama aliyesilimu, mamake Zakiya, Bi Mwanakuu wa Mji wa Kale, alisema anayesilimu kwa ajili ya mwanamke amemwabudu mwanamke. Akashika msahafu akaapa kwamba hatamsemeza Zakiya mpaka afukiwe. Na yule bibi akiapa ameapa. Kombe naye alikuwa nyumbani na mgongo ulioumia, mtoto ananyonya, na mshahara wa Zakiya ndio uliokuwa unga, mafuta ya taa na kodi ya chumba.

Mambo yalianza vizuri. Watu walipiga, wakaelewa, wakaja na kadi zao. Siku moja Zakiya alikuwa sokoni Marikiti na mtoto mgongoni, muuza mchicha akamtambua kwa sauti, akawatangazia wateja kwamba huyu ndiye mwanamke wa kwenye simu. Mmoja wa wateja hao alikuwa Bi Mwanakuu. Hakumtazama binti wala mjukuu.

"Mwambie huyo mtu asogee," alimwambia muuza mchicha. "Ananizibia njia."

Zakiya akasogea. Alilia njia nzima mpaka Makadara, mchana kweupe, na wapita njia wakimtazama.

Kana kwamba hayo hayakutosha, ofisini nako mambo yakaharibika. Wakazuka wapigaji wasiosema kitu. Hawakuitika hujambo, hawakuuliza swali. Walisikiliza mpaka neno la mwisho, ikasikika pumzi tu, kisha simu ikakatwa. Kufikia mwisho wa juma walikuwa wengi kuliko wanaosema. Bwana Seth, aliyekuwa akijifunza methali za pwani ili awapigie wenyewe wa pwani, akatangaza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu: hawa hawaelewi hata waulize nini. Zakiya akabisha kwamba mtu wa Mombasa asipoelewa hanyamazi, hutukana. Bwana Seth akacheka kwa pua.

Zakiya akayapunguza maneno. Wanyamavu wakazidi. Akayakata tena, yakawa mafupi hata mtoto wa chuo cha Kurani angeyashika kwa moyo, nao wakazidi tena. Sasa walipiga mfululizo, simu ikikatwa nyingine inaingia, mpaka wenye shida zao wakawa hawaipati laini. Zakiya akaanza kuwachukia. Mtu gani huyu aliyezaliwa na mama akalelewa, asalimiwe asiitike? Alikuwa akikaa na kinasa sauti sikioni, akizisikiliza pumzi zile na kuzisonya, na kuziombea mabaya.

Mwisho Bwana Seth alimwita Truphosa, mpiga chapa, akamsomesha maneno yaleyale ya Zakiya, hujambo na kituo chake, bila kubadilisha kitu. Asubuhi ile walipoiweka sauti ya Truphosa, wanyamavu walikoma. Hakubaki hata mmoja.

Bwana Seth alipita meza hadi meza akiwaonyesha hesabu ya kompyuta. Alipofika kwa Zakiya hakupaza sauti. "Kumbe si maneno," alisema. "Ni wewe. Watu wako mwenyewe hawakutaki." Akamwambia ofisi ikifungwa awe ameondoka, na asimwone kesho.

Zakiya alimwamini. Alikusanya kikombe chake na khanga ya mtoto, akifikiria atakavyoingia chumbani na kumwambia Kombe, na Kombe atakavyojifanya hakuumia.

Truphosa ndiye aliyemzuia mlangoni. Alikuwa na haya, kama mtu aliyejikuta amevaa nguo ya mwenzake. Alisema imeingia simu moja mchana, haihusu cheti, naye hajui aiandike wapi. Akabonyeza kitufe.

Hujambo ya Truphosa ilipita, na kituo chake kikapita kimya. Kisha, hata maelezo hayajaisha, sauti ya mwanamke mtu mzima ikamkata kwa ukali.

"Huyu simtaki. Mwanangu mmempeleka wapi? Mrudisheni. Mimi simsemezi, namsikiliza tu."