Pini ya Siku Arobaini

Mlango wa tanuri la mikate ulilia kwa sauti kali, ukasikika hadi ng'ambo ya bonde. Anastasia akasimama njiani, begi begani.

Alikuwa amepanda mlima kuja kijijini Mgeta tangu alfajiri ili aione siku ya arobaini. Pini ya bawaba ya mlango ule aliitengeneza mwenyewe chuoni, chuma kilichopakwa utando mgumu wenye chembe za fedha. Mafuta yakiwekwa pale huungua. Fedha yeye aliitegemea itoke kama jasho joto likipanda, ilainishe bawaba. Mwalimu wake alimpa sharti moja: pini ikae tanurini siku arobaini bila kukwaruza wala kulia, la sivyo arudie mwaka.

"Shikamoo, mzee," akasema alipofika tanurini.

"Marahaba, binti. Mbona uso kama umefiwa?" Mzee Ezekiel, mwenye tanuri, alikuwa akichomoa trei ya mikate.

"Mlango unalia."

"Unalia vizuri tu."

Anastasia akatazama chini. Kichwani alishaanza kuandika ripoti: fedha imekwisha, hewa ya moto imeula utando, chuma kimebaki kitupu. Maelezo safi kabisa, ya mtu aliyefeli.

Nje kina mama walikuwa wakishuka kutoka mashambani, udongo wa karoti bado mikononi, wakijipanga dirishani. Mzee akawahudumia watatu, kisha akainama, akafungua mlango wa chini wa kuni na kusukuma gogo kwenye makaa mekundu. Anastasia alisikia kuni zikitatarika tu.

"Naomba niitoe, mzee. Niwapelekee chuoni hivyo hivyo."

"Itoe, kama inakukera."

Akaing'oa kwa koleo. Ilitoka nyeusi, imelika katikati, magamba yakimwagika sakafuni. Akaifunga kwenye kitambaa taratibu, kama mtu anayefunika kifaranga kilichokufa, na chozi likamponyoka.

Mzee Ezekiel akaacha kufunga mikate. "Hicho chuma unakililia ya nini?"

"Ndiyo pini yangu, mzee. Ndiyo mwaka wangu mzima."

"Hiyo ni ya marehemu baba yangu," akasema mzee, huku akijizuia kucheka. "Yako niliihamishia huku chini kwenye mlango wa kuni tangu siku ya pili, na haijanisumbua hata mara moja. Huu mlango wa juu ukinyamaza, binti, Mgeta nzima itajuaje kwamba mkate umeiva?"