Jicho la Wanja

Kibibi alimbandika bintiye Raya plasta kwenye jicho lililo zima, ili lile legevu lilazimike kufanya kazi. "Mmechelewa kumleta," daktari alikuwa amesema. "Jaribuni tu. Na msimsaidie."

Jicho hilo legevu ndilo Kibibi alilokuwa akilikoleza wanja tangu Raya akiwa mchanga, kwa sababu mtaa mzima ulilisifia. Hata leo mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umelipaka.

Bi Chausiku, jirani yao, akaingia uani na sahani ya kashata. "Umeumia jicho, mjukuu wangu? Basi hili lililobaki, mashallah, limelegea kama la bibi harusi! Haya, shika kashata."

"Asante, bibi." Raya akanyoosha mkono, akafumba vidole. Hakushika kitu, kashata ilikuwa pembeni kidogo.

Bi Chausiku akacheka. "Ananitania huyu!"

Raya akajaribu tena, akakosa tena. "Mama, iko wapi?"

Kibibi akaikalia mikono yake mwenyewe. Chozi jeusi la wanja likamtiririka Raya shavuni, na vidole vyake vikaendelea kupapasa hewa. Bi Chausiku alikuwa ameacha kucheka, kashata bado iko mkononi.