Vatikani ya Bweri

Kura ya turufu ilipigwa kabla chai haijapoa, na aliyeipiga ni Silasi, ambaye hata maana yake alikuwa hajaielewa vizuri. Alinyoosha mkono, akasema, "Turufu," akarudi kwenye andazi lake. Dorkas akawa amekataliwa uanachama kwa mara ya tatu.

Mwalimu Wenceslaus akaandika hayo kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alikuwa amefundisha Uraia Musoma miaka thelathini na moja, na alipostaafu, akakosa wa kumfundisha, akaigeukia familia. Watoto wa marehemu mzee Keraryo, naye akiwa mmoja wao, akawaundia chama, akakiita Nyumba ya Keraryo, na katiba akaichota Umoja wa Mataifa. Wana watano wa mzee waliobaki hai ndio wanachama wa kudumu, kila mmoja na turufu yake. Mabinti na wajukuu ni wanachama wa kawaida. Anayetaka kuingia anaandika barua, watano wanampendekeza bila hata mmoja kupinga, kisha theluthi mbili ya wote wanampitisha. Sudan Kusini nao walipita mlango huohuo, alipenda kusema, kana kwamba yeye ndiye aliyewafungulia.

Dorkas alikuwa mjane wa Lameck, kitinda mimba wao. Yeye na mumewe ndio waliomuuguza mzee mpaka akafa, katika nyumba hiihii ya Bweri walimokuwa wakinywa chai. Lakini nyumba ilikuwa ya mzee, na sasa wana walitaka kuiuza. Mteja alishapatikana, Mwandu wa Bunda, mfanyabiashara wa pamba aliyetaka kuifanya gesti. Dorkas na wanawe watatu wangekwenda wapi? Hilo halikuwamo kwenye ajenda. Akipewa kura angelileta, ndiyo maana hakupewa.

Hata hivyo Mwalimu hakuwa mtu mbaya, au tuseme yeye mwenyewe hakujiona hivyo. Alimtazama shemeji yake pale mkekani, kichwa chini, akaona haya. Akatafuta njia, nayo haikukosekana, maana Umoja wa Mataifa una njia ya kila jambo isipokuwa ya kulimaliza.

Akawaeleza kuwa kuna cheo kinaitwa mwangalizi wa kudumu. Vatikani wanacho. Unaingia kikaoni, unakaa, unasikia yote. Kupiga kura ndiyo hapana. Uswisi walikaa hivyo nusu karne, wala hawakukonda.

"Shemeji, na hao Vatikani wana barua?" Dorkas akauliza.

"Barua ya nini?"

"Ya hicho cheo. Mimi kwenye familia hii nilikuwaga napewa maneno ya mdomo tu. Safari hii niandikieni."

Ndugu wakatazamana, wakacheka. Barua tu? Maskini, kumbe alikuwa anatafuta heshima! Akaomba jina la chama liandikwe kamili, wakakubali. Akaomba sahihi za wote watano, wakatia. Silasi akauliza cheo hicho kinakwisha lini. Mwalimu, aliyekuwa ameshanogewa na kalamu, akamjibu kwamba kudumu ni kudumu, Vatikani haifukuzwi, akaongeza mstari mmoja wa kunakshi. Kisha akaipeleka barua mwenyewe kwa Scholastika, mwenyekiti wa mtaa, ikagongwe muhuri. Scholastika aliisoma mara mbili, akagonga.

Jumamosi iliyofuata Mwandu alikuja kumaliza biashara, na Scholastika akaitwa kuwa shahidi. Dorkas alileta chai na viazi vitamu, mpole hata Mwalimu akamwonea fahari. Mwandu akauliza swali la wanunuzi wote: kuna mtu mwingine yeyote mwenye haki na nyumba hii? Mwalimu akasema hakuna kabisa.

Dorkas akaiweka barua kando ya sahani ya viazi, akarudi mkekani.

Mwandu alikuwa mtu wa pamba, si wa Uraia. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Sisi, wana watano wa marehemu Keraryo, tumemteua Dorkas kuwa mwangalizi wa kudumu wa Nyumba ya Keraryo hadi mwisho wa maisha yake, wala hataondolewa bila ridhaa yake mwenyewe."

Akainua macho, akatazama dari, kuta, na mlango. "Nyumba ya Keraryo si ndiyo hii?"

"Hiyo Nyumba ni ya herufi kubwa," Mwalimu akawahi kusema.

"Kwenye muhuri wangu herufi zote ni kubwa," akasema Scholastika.

Mwandu akachukua kofia yake. Mwalimu, jasho likimtoka, akamgeukia Dorkas, akamwomba amfafanulie mgeni kwamba nyumba hiyo siyo nyumba hiyo. Dorkas akajimiminia chai.

"Nitasema nini, shemeji, na kura sina? Mimi naangalia tu."