Tundu Moja, Bunduki Mbili

Kulungu alikuwa na tundu moja tu, na waliodai kumpiga walikuwa wawili.

Alining'inia kichwa chini kwenye boriti mbele ya kambi ya akina Tollefson, dume lenye pembe za ncha kumi, mvuke bado ukimtoka katika baridi ya Novemba. Upande mmoja alisimama Ardis Tollefson, mjane, mikono mifukoni mwa koti la rangi ya machungwa. Upande wa pili alisimama shemeji yake Gaylord, mdogo wa marehemu mumewe, na kama kawaida yake alikuwa anaongea kwa niaba ya dunia nzima.

"Jamani, mnabishana nini? Huyu wangu! Mnyama amepiga hatua tano akalala. Hiyo ndiyo kazi ya risasi za dola sabini kasha. Za shemeji zingemwasha tu, akajikuna, akaenda zake!"

Watu wanne wa kambi wakacheka. Ardis hakucheka. Hizo risasi zake za dola ishirini na mbili kasha ndizo marehemu Lowell wake alizotumia maisha yake yote, na friza yao haikuwahi kulala njaa.

Ugomvi ulianza kwenye kifungua kinywa. Gaylord aliweka kasha lake jeusi la risasi katikati ya meza, kando ya jibini, kila mtu alione. Kisha akasema kwamba dungu la Lowell, kile kibanda cha mbao juu ya mwaloni, linataka mwindaji, si mtu wa kupanda kwenda kumlilia mume. Dungu lile Lowell alilijenga kwa mikono yake, na ndani yake bado mlikuwa na kikombe chake cha kahawa.

"Haya," akasema Ardis mbele ya wote. "Atakayeangusha dume la kwanza leo, dungu ni lake. Atakayekosa akatwe shati."

Hiyo ndiyo sheria ya kambi: ukikosa kulungu, unakatwa upindo wa shati, upindo huo unapigiliwa misumari ukutani, na wajukuu wako watakuja kuucheka. Miaka thelathini Gaylord ndiye aliyeshika mkasi. Shati lake halijawahi kuguswa.

Saa mbili asubuhi dume lilikatiza kati yao, Ardis akiwa juu dunguni na Gaylord chini kwenye kijito. Bunduki mbili zikalia kwa pamoja. Na sasa wako hapa, na tundu moja.

"Tundu haliwezi kutuambia kitu," akasema Duane Zastrow, mwenye bucha mjini, akinoa kisu. "Bunduki zenu ni pacha, baba yao Lowell na Gaylord alizinunua siku moja. Lakini risasi haikutokea upande wa pili. Imo humu humu, begani. Ya Gaylord ni shaba tupu, ndani na nje. Ya Ardis ina ngozi ya shaba na tumbo la kijivu. Nikiichokoa, kesi imekwisha."

Ardis alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme jambo.

"Ya nini yote hayo?" Gaylord akadakia. "Utaharibu nyama bure. Turushe sarafu tu, tukale."

Ardis akaufunga mdomo. Akamtazama shemeji yake. Mtu huyu aliwahi kukodi mpimaji wa ardhi kwa sababu ya uzio uliopinda shibiri moja. Leo anataka kurusha sarafu?

"Wee Gaylord, unaogopa nini?" Duane akamtania. "Dola sabini zimekuingia baridi?"

"Nani anaogopa? Naionea huruma nyama!"

"Nyama nitaila hivyo hivyo," akasema Ardis. "Chokoa, Duane."

Duane akaingiza kisu, akapapasa kwa kidole, akatoa kitu kilichopanuka kama uyoga. Akakifuta kwenye aproni, akakiinua kwenye mwanga. Ngozi ya shaba. Tumbo la kijivu.

Loo, kelele zilizopigwa pale! "Bei chee oyee!" Mmoja akakimbilia ndani kuleta mkasi. Uso wa Gaylord ukawa mwekundu kuliko shati lake la sufi alilopewa na mkewe Krismasi. Duane akalikata upindo mzima, hakuacha hata kifungo cha mwisho, akaupigilia ukutani juu ya pindo nyingine zote.

Ardis akatoka nje kuchukua kuni. Furaha ilimjaa. Dungu lilibaki la Lowell, na lake.

Hakuwa ameinua hata gogo la pili aliposikia theluji ikikanyagwa nyuma yake. Alikuwa Gaylord, mgongo wazi kwa upepo.

"Shemeji," akanong'ona kwa hasira, akiangalia mlangoni, "wewe ulikosa! Na unajua ulikosa. Nimeona kwa macho yangu gome likiruka kwenye mti, hatua kumi kutoka kwa yule kulungu!"

"Hata mimi nimeliona," akasema Ardis, akimpakia kuni mikononi. "Basi rudi ndani ukawaambie. Ila usisahau kuwaeleza na ile risasi ya bei chee ilitoka bunduki ya nani."