Kiwanda Kilichobaki

Kwa mara ya tisa, kiwanda cha chuma kilibaki na rangi ya zambarau.

Afisa mipango miji, dada wa miaka thelathini, alisogeza kiti karibu na kompyuta. Programu yake iliugawa mji katika miraba midogo: njano ni nyumba, bluu ni maduka, zambarau ni viwanda. Ukiipa barabara, idadi ya watu na bei ya ardhi, inakuonyesha kila mraba utakuwaje baada ya miaka thelathini. Viwanda vyote vya kando ya reli vilikuwa vimegeuka njano. Cha sabuni, cha magunia, cha maziwa. Isipokuwa hicho kimoja.

Akachora barabara mpya, akaipitisha mlangoni pa kiwanda hicho. Zambarau. Akapandisha bei ya ardhi mara mbili. Zambarau.

"Dada, unahangaika nini?" mwenzake wa meza ya pili alicheka. "Kimepona hicho! Unakijaribu kama mtu asiyeamini bahati yake. Si ndiko alikofanya kazi mzee wako?"

"Ndiko."

"Basi shukuru."

Kidole cha afisa kilikaa juu ya kitufe cha kumtumia mkuu wake matokeo mpaka chai ikapoa. Mle kiwandani mlikuwa na wafanyakazi mia nne, na hesabu zilikuwa za kweli. Akabonyeza.

Kabla ya saa kumi, katibu wa wafanyakazi wa kiwanda alisimama mlangoni, ovaroli imejaa vumbi. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, mkuu wako ametuambia. Hawatuvunji. Sisi tulishakata tamaa. Baba yako alikuwa rafiki yangu. Huko aliko..."

Aliinamisha macho, akaaga haraka haraka.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameketi sebuleni, amevaa vizuri kama anayengoja wageni.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Kimebaki, mama. Miaka thelathini."

Mama alivua mtandio, akaukunja polepole magotini.

"Miaka thelathini mimi sinayo," alisema. "Wangebomoa, wangeichimbua na ile zege waliyoimwaga juu ya baba yako alipoanguka shimoni mle kiwandani. Angalau ningemzika."